Maître Anaclet, Hukuandika Wosia Wako

Likasi, Jumamosi, saa nane mchana

Maître,

Nimekaa kwenye kiti chako. Changu kimevunjika mguu, ndiyo sababu, usidhani nimezoea. Miezi saba imepita, na bado mteja akipanda ngazi akauliza, "Maître iko?" huwa namjibu kwamba umetoka kidogo. Nikishasema ndipo nakumbuka.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha mama yangu, kile cha Kalemie ulichokuwa unakicheka. "Weye unasema kama redio," uliniambia siku ya kwanza, nilipokuja kukuomba nifanye mafunzo ya uwakili kwako. Ningeweza kuandika Kifaransa, lakini Kifaransa chetu ni cha mahakamani, na haya ya leo sitaki yasikike kama hoja. Nataka ujue yaliyompata Dieudonné baada yako. Na nataka ujue nilichofanya mimi. Kwake nimeshakiri. Kwako bado.

Sijui ulitambua kiasi gani cha siku zile mbili za mwisho. Ilikuwa Jumanne, ulirudi kutoka mahakamani, joho mkononi, unalalamikia joto. Mvua zilikuwa zimechelewa, vumbi la malori ya madini limejaa mpaka kwenye mafaili. Ulisema kichwa kinakuuma, ukaomba maji. Nilipogeuka na glasi ulikuwa umeinamia meza, mdomo umepinda upande, unajaribu kuniambia kitu ambacho sikukielewa. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nimejaribu maneno mengi.

Mwenye duka la dawa wa hapa chini alitupeleka hospitali kwa gari lake. Nilimpigia Dieudonné, akaja mbio kutoka kazini, nyaya za umeme bado zinaning'inia mfukoni. Muuguzi akamuuliza, "Weye ni nani yake?" Akasema anaishi kwako. Muuguzi akamwambia wanaingia watu wa familia tu. Mimi nikasema ni binti wa dada yako, nikaingia. Uongo ulinitoka kirahisi, hata sikufikiri. Yeye hakujua kusema uongo. Alikaa siku mbili kwenye benchi la nje, na kila nilipotoka alikuwa na swali moja: miguu yako imefunikwa? Alisema unaona baridi miguuni hata wakati wa joto. Nikarudi ndani, nikakufunika. Nilifunika kila mara aliponiuliza.

Alhamisi asubuhi mvua ya kwanza ilianza kugonga mabati ya wodi, nawe ukaondoka. Nilitoka nje kumwambia. Alikuwa amesimama tayari.

Kilio kilifanyika nyumbani kwenu. Dada yako mdogo Godelive alifika kutoka Kakanda na waimbaji wa kanisa lake, akikulilia "yaya yangu, kaka yangu mukubwa", mjomba wenu akafika kutoka Kambove, na kufikia jioni nyumba ilikuwa yao. Walifunga turubai uani, wakakodi viti. Mawakili walikuja na majoho yao, joho lako likatandazwa juu ya jeneza kama ilivyo desturi yetu. Mkuu wetu wa mawakili alikusifia vizuri, Maître. Alisema hukukataa kesi ya maskini hata mara moja. Kisha akasema hukuacha mke wala mtoto, mke wako ilikuwa sheria. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kwenye msiba. Nyuma yangu karani Rigobert alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Dieudonné wakati huo alikuwa anabeba viti. Ndiyo, viti. Kila aliyefika alipewa kiti na Dieudonné, na maji ya kunywa na Dieudonné, na watu wakamwambia, "Merci, papa," wakakaa.

Mimi najua nyumba ile vizuri, kwa sababu ndipo uliponileta kula baada ya kikao cha kwanza ulichonialika. Nilikuwa nimefanya kazi kwako miezi minane. Nilidhani hakuna anayejua lolote juu yangu. Nilikuwa nimejifunza kutembea, kuvaa, kucheka, vyote kwa hesabu. Siku uliponialika ulikuwa hapa ofisini unapiga mhuri kwenye karatasi, hata macho hukuinua, ukasema, "Jumamosi tuko na kikao ya kusoma sheria. Ukuye. Kama iko na mutu yako, ukuye naye. Dada ao kaka, haina shida." Ukaendelea kupiga mhuri. Nilienda kusimama dirishani nikajifanya naangalia mjacaranda wa ng'ambo ya barabara. Ulikuwa umechanua wote. Uliniacha nisimame muda niliotaka, na nilipogeuka ulikuwa umenitengenezea chai.

Tulikuwa saba. Wewe, mimi, Rigobert karani wa mahakama, Mireille wakili aliyekuwa akija kwa basi kutoka Lubumbashi, na wengine watatu ambao sitawataja, na utajua kwa nini. Mlangoni pa ofisi paliandikwa Kikundi cha Masomo ya Sheria, na ukweli ni kwamba tulisoma sheria. Saa nzima tulisoma hukumu za kesi, ndipo tukala mikate ya mafuta aliyoileta Rigobert na kuongea yetu. Ulisema sisi ndio kikundi pekee cha siri Katanga nzima kinachoandika muhtasari wa kikao. Ulitufundisha kifungu kile cha kuvunja haya hadharani, ambacho hakitutaji popote, lakini polisi wanakivuta kama mpira mpaka kitufikie. Ulitaka tukijue kwa moyo, ili mmoja wetu akikamatwa aweze kukisoma pale pale kituoni kwa sauti isiyotetemeka. Ulituzungusha mmoja mmoja. Mimi sauti yangu ilitetemeka kila mara, nawe ukasema, "Tena."

Unakumbuka ugomvi wa ibara ya kwanza? Ulitaka siku moja chama kiandikishwe kwa jina lake la kweli, chama cha watu wa sheria walio kama sisi, na ulitaka katiba yake iwepo kwa Kiswahili pia. Jumamosi tatu tulibishana jinsi ya kujiita. Maneno ya barabarani ni matusi, ya Kifaransa yananuka hospitali. Mwishowe uliandika: wanachama ni "watu kama sisi". Mireille akakasirika, akasema hakuna mwanasheria duniani anayekubali neno lisilo na maana maalum. Ukamjibu, "Kila mutu mwenye atasoma na atajiona, njo huyo, ndiye mwenyewe." Aliondoka kwenda kituo cha basi bila kuaga. Ulinituma nimsindikize na mkate.

Na ni wewe uliyetuambia tuandike wosia. Ulisema mapenzi yetu hayana cheti, kwa hiyo tuwe na karatasi nyingine zote. Ulituandikia mfano ubaoni. Uliwaandikia wajane, wachimbaji, masista wa parokia, hata yule mzee wa reli aliyekuja kubadilisha wosia wake kila mwaka. Wewe mwenyewe hukuandika. Nilitafuta, Maître. Nilitafuta kwenye kila droo, nikakung'uta vitabu vyako kimoja kimoja, nikatoa picha ya mama yako kwenye fremu nikaangalia nyuma. Dieudonné anasema kila uliposhika kalamu alikuwa anakwambia usiite kifo nyumbani. Analia anaposema hivyo. Mimi nakukasirikia, halafu nakumbuka ulikuwa na miaka hamsini na mbili, na nani anadhani ataanguka Jumanne?

Sasa nifike kwenye yale niliyokuja kusema.

Siku ya tisa baada ya maziko, mjomba wenu alimwita Dieudonné uani akamwambia familia inashukuru kwa msaada wake, sasa atoe vitu vyake nyumbani kabla ya Jumapili. Alimwita "locataire". Mpangaji. Miaka kumi na moja majirani walikuwa wakimwita hivyo, na wewe mwenyewe ulikubali aitwe hivyo, kwa sababu kilikuwa ni kivuli kizuri cha kukaa chini yake. Dieudonné alikuja hapa ofisini moja kwa moja. Nikawaita wote. Mireille alipanda basi siku hiyo hiyo.

Tulikaa kwenye meza hii. Mireille alikuwa ameshafikiri njiani. Alisema ukweli hauna kifungu cha kusimamia. Sheria haimjui Dieudonné kama mtu wako, lakini mpangaji inamjua. Mpangaji haondolewi kwa maneno ya uani. Mpangaji anapewa ilani, anapewa muda. Tukishikilia neno lao wenyewe, alisema, atapata miezi kadhaa ya kukaa, na ndani ya muda huo tutajua la kufanya. Ilikuwa hoja safi. Wewe ungeipenda kama kesi ingekuwa ya mtu mwingine.

Dieudonné alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Minye sikukuwa locataire. Nilikuwa napika mule. Nilikuwa nalala mule. Anaclet akiwa na homa, ni minye." Hakumaliza. Rigobert aliangalia sakafu. Mireille akamwambia kwa upole kwamba anajua, wote tunajua, lakini je, anataka kulala wapi Jumapili? Mwishowe akasema, "Mufanye vile munajua. Minye sitatia sahihi." Tukachukua hiyo kuwa ndiyo.

Nilienda naye mimi. Tulikaa sebuleni kwako: mjomba, Godelive, mkuu wa mtaa, Dieudonné na mimi. Picha yako ilikuwa juu ya televisheni, imevishwa kitambaa cheupe. Nilizungumza vizuri, Maître. Nilitaja ilani, nikataja muda, nikamgeukia mkuu wa mtaa kwa heshima, na mjomba alianza kutikisa kichwa kama mtu anayeona haraka haitamfikisha. Tulikuwa tunashinda.

Ndipo Godelive akaongea. Aliniangalia mimi, si Dieudonné, akasema, "Maître Nadège, weye ulikuwa mutoto yake ya kazi. Unamujua kutushinda. Huyu mutu alikuwa nani kwa yaya yangu?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi sana. Lilikuwa swali la kweli. Hakuuliza kama mtego, leo najua. Lakini mkuu wa mtaa anasali na mama yangu. Nikamwona mama yangu na sare yake ya Jumapili, akiambiwa mlangoni pa kanisa. Nikaona miaka yote niliyotembea kwa hesabu.

Nikasema, "Alikuwa mpangaji."

Sikuishia hapo. Nikaongeza, "Tu."

Dieudonné alinigeukia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyesimama kituoni akiangalia basi lililomuacha. Kisha akaweka mikono yake juu ya magoti, ile mikono yenye alama za kuungua, akamwambia Godelive, polepole, "Mama, minye sikukuwa locataire. Yaya yako na minye tulikuwa tunaishi sawa bibi na bwana. Miaka kumi na moja. Shati ile mulimuzika nayo, ni minye nilipiga pasi."

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Mjomba alisimama, akafungua mlango wa mbele, akaushikilia wazi. Godelive alijifunika uso kwa kitambaa. Mkuu wa mtaa akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa, "Na ile kesi yako ya mupangaji, Maître?" Mtu niliyemtetea alikuwa amesema ukweli, na mimi peke yangu nilikuwa nimebaki na uongo wangu mkononi.

Aliondoka alasiri ile ile. Begi moja, sanduku la vyuma vya kazi, blanketi. Nilitaka kubeba sanduku. Akasema, "Acha," nikaacha.

Mambo yalienda mbio baada ya hapo. Kabla wiki haijaisha walikuwa wanaongea kwenye korido za mahakama. Mteja mmoja alikuja kuchukua faili lake bila kuketi. Wale wenzetu watatu walijitoa. Mmoja aliniandikia kwenye simu, "Ufute jina yangu," basi, na ndiyo sababu sikuwataja hapo juu hata kwako unayewajua. Siwalaumu. Wana watoto, mmoja ana cheo. Rigobert alihojiwa na wakubwa wake, akajibu kwamba anasoma sheria siku za Jumamosi, na kama ni kosa waandike. Kisha akaenda nyumbani, akaugua wiki mbili bila ugonjwa.

Na mimi nilichukua bisibisi nikatoa kile kibao cha mlangoni. Hakuna aliyeniambia. Kikao hakikufanyika Jumamosi sita.

Mama yangu aliambiwa kanisani, kama nilivyoogopa. Alirudi, akavua viatu, akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu siku zote, mama. Aliingia jikoni. Tangu siku hiyo ananipikia bukari, ule ugali wetu, na mboga, ananiwekea mezani, na anakwenda kula peke yake nyuma, kwenye kigoda. Hajanifukuza. Tunasalimiana asubuhi na jioni. Wiki iliyopita alikaa mezani mpaka nikamaliza nusu ya sahani, kisha akakumbuka, akanyanyuka. Nakuambia kwa sababu ungeniuliza.

Ilinichukua zaidi ya mwezi kumtafuta Dieudonné. Si kwamba alijificha. Amepanga chumba kule Kikula, kila mtu wa mtaa anamjua kwa kutengeneza vifaa vyao vya umeme. Nilimkuta anatengeneza jiko la mtu. Nilianza kusema, akaninyamazisha kwa kidole mpaka alipolichomeka na koili ikawa nyekundu. Kisha akanipa kiti.

Nilimwambia nilisema mpangaji kwa sababu niliogopa, na nikaongeza "tu" kwa sababu niliogopa zaidi. Akasema, "Najua. Minye nilikuwa naogopa miaka kumi na moja. Siku ile nilichoka, njo vile." Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alinipa maji ya kunywa, akaniuliza kama tumeshaanza tena kikao. Nikasema hapana. Akasema, "Anaclet alikuwa anaandikia batu bote. Sasa ni nani anaandika?" Kisha akasema kitu kingine, akiwa ameinamia tena lile jiko, kwamba wosia ni wa baadaye. Yeye anachotamani ni karatasi ambayo ingemruhusu kuingia ndani siku zile mbili.

Nilirudi kwa miguu kutoka Kikula mpaka mjini. Nililia njia nzima, na watu wa huku walivyo, kila mama muuza makaa aliniambia pole bila kuniuliza.

Jumatatu nilimpigia Mireille. Ameandika karatasi tatu, Maître, na nadhani ungezisifia hata kama usingemwambia usoni. Ya kwanza ni wosia. Ya pili ni makubaliano ya watu wawili wanaoishi nyumba moja, yanayosema nani alijenga nini na kila mmoja ana haki gani. Ya tatu ni barua ya hospitali: mimi fulani, nikiwa siwezi kusema, aitwe huyu, aingie huyu, aulizwe huyu. Tumeipigania hiyo ya tatu zaidi ya zote. Hatujui kama kila daktari ataiheshimu. Lakini muuguzi akiuliza "weye ni nani yake", mtu atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Rigobert alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Hana mtu, unajua. Akaandika jina langu na la Mireille, akatia tarehe, akasema sasa ana familia yenye mihuri.

Na kilichotushangaza ni hiki: maneno yale yale yaliyowafukuza wenzetu ndiyo yaliyowaleta wengine. Watu walisikia kwamba kuna mawakili Likasi walio hivyo. Akaja mwanamume mmoja mfanyabiashara wa Kakanda, akakaa dakika kumi akiulizia kesi ya kiwanja ambayo haikuwepo, ndipo akasema jambo lake. Akaja wakili kutoka Kolwezi, na afisa mmoja anayepeleka hati za mahakama nyumba kwa nyumba. Hao wawili sasa ni wanachama. Mireille aliuliza itakuwaje kwa wasio watu wa sheria, kwani chama ni cha taaluma, si cha kila mtu. Tulibishana, lakini safari hii kidogo. Wanachama ni watu wa sheria. Mlango ni wa yeyote. Na ibara ya kwanza tumeiacha kama ulivyoiandika. Mireille mwenyewe ndiye aliyekataa igusweguswe.

Wiki tatu zilizopita Godelive alipanda ngazi hizi. Peke yake, bila waimbaji. Nilidhani amekuja kugomba. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia rafu zako muda, kisha akasema, "Tulikuwa tunajua, Maître. Tangu mama yetu iko muzima, tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunasema locataire juu ile jina ilikuwa inatusaidia." Alitaka kujua Dieudonné anaishi wapi. Nyumba hawezi kuirudisha. Mjomba ameshaweka watu ndani, na yeye hana sauti pale. Lakini amekuta picha kabatini, wewe na Dieudonné mbele ya mto mahali fulani, mmevaa mashati yanayofanana, na pasta alimwambia aichane. Alijaribu. Mkono ulikataa, alisema.

Nikamwambia, "Mama Godelive, siku ile uliniuliza, nikakudanganya. Alikuwa mume wa yaya yako."

Hakusema amina, hakusema hapana. Aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea mzigo, akasema, "Asante juu ya kuniambia." Sikumpa anwani kabla ya kumwuliza mwenyewe. Nilipomwuliza, Dieudonné alisema bado. Alisema, "Aniache kwanza nilie." Nikalipeleka neno hilo kwa Godelive kama lilivyo. Akasema ataichunga ile picha mpaka atakapoitwa. Huenda hataitwa. Sijui. Ningependa kukupa mwisho mzuri zaidi kwa hilo, sina.

Nakukosa hapa, Maître. Nakukosa nikishinda kesi na sina wa kuniambia niliongea mno. Nakukosa kila hakimu anapotamka jina lako vibaya akisoma mafaili ya zamani. Ninakukasirikia bado, sitakudanganya, na hasira yenyewe nimeanza kuipenda kwa sababu inanifanya niongee nawe.

Nasikia hatua kwenye ngazi. Ni akina mama wawili wa Kambove, wanauza samaki pamoja sokoni na wamelea pamoja watoto wanne. Mmoja anapasuliwa Jumatano. Walinipigia asubuhi kuuliza kama kweli tunaandika, na kama nitawauliza maswali ya aibu. Nimesikia wamesimama nje ya mlango, mmoja anamnong'oneza mwenzake abishe hodi, na mwenzake anasema bisha weye.

Pumzika, yaya. Miguu yako iwe na joto huko uliko. Ninakuahidi hili: kila atakayepanda hapa nitamwandikia kwa jina lake na kwa jina la mtu wake, nitamsomea kwa sauti kabla hajatia sahihi, na sitamwacha arudi nyumbani bila karatasi mkononi.

Ngoja nikawafungulie.

Mwanafunzi wako,
Nadège